Mlio Mzito wa Gitaa: Jinsi Kelele Ilivyotiwa Adabu



Kila mtu aliyewahi kuingia katika ukumbi wa dansi anaijua kazi ya gitaa la rithimu, hata kama hajui jina lake. Katika bendi zetu gitaa hilo halikuwa la kujionyesha. Gitaa la solo liliimba, gitaa la besi likatembea chini, na gitaa la rithimu likakaa katikati likiushona wimbo kwa sauti nyembamba, safi, yenye kumetameta. Lingenyamazishwa, wachezaji wengi wasingetambua ni kitu gani kilichoondoka, ila miguu yao ingekuwa mizito.

Upo muziki mwingine ambao ndani yake gitaa la rithimu ndilo nguzo na ndilo ukuta wa nyumba nzima. Muziki huo ni metali. Vijana wetu wengi wanausikiliza, na baadhi yao wanajaribu kuupiga. Wazee wengi wanauita makelele. Nimeona nitumie nafasi hii katika jarida letu nieleze mlio huo mzito ulitoka wapi, ni akina nani waliouunda, na unapatikanaje leo.

Nafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, mtu asiyeijua historia ya jambo hawezi kulihukumu kwa haki. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, vijana wengi huamini kwamba mlio ule hununuliwa dukani; na kwa kuwa hawana fedha, huliweka gitaa chini wakakata tamaa. Historia yaonyesha kinyume chake. Mlio mzito ulizaliwa katika upungufu, ulikua kwa kupunguzwa zaidi kuliko kuongezwa, na hata leo sehemu yake kubwa imo katika kiganja cha mkono.

MKWARUZO ULIKUWA UGONJWA

Gitaa la umeme lilianza huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930. George Beauchamp na Adolph Rickenbacker, mjini Los Angeles, waliweka sumaku na koili ya waya chini ya nyuzi za chuma. Uzi unapotikisika karibu na sumaku, umeme hafifu huzaliwa katika koili. Umeme huo hupelekwa kwenye amplifaya ukakuzwa, kisha spika huugeuza kuwa sauti. Kile kidude chenye sumaku na koili wacharazaji hukiita pikapu, jina ambalo lisiwachanganye wale wenzetu wenye magari ya mizigo.

Mafundi wa wakati ule walikuwa na lengo moja tu: sauti iwe kubwa lakini ibaki safi. Mkwaruzo ulihesabiwa kuwa ni ugonjwa wa mashine. Wale waliokuwa na redio za vali nyumbani wanakumbuka kwamba ukifungua sauti hadi mwisho, redio huanza kukoroma. Sababu yake ni kwamba vali ina kikomo chake. Hebu fikiri mawimbi ya bahari yenye vilele, kisha fikiri vilele hivyo vimekatwa kwa panga vikawa bapa. Ndivyo vali inavyofanya inapolazimishwa kupita uwezo wake. Kukatwa huko huzaa sauti ndogo ndogo mpya ambazo hazikuwamo katika uzi wenyewe. Kadhalika, sauti kubwa na ndogo hukaribiana kwa nguvu, na kwa hiyo mlio hudumu muda mrefu kabla ya kufa.

Ajabu ni kwamba ugonjwa huo ulipata wapenzi. Mwaka 1951, mjini Memphis, bendi ya Ike Turner ilirekodi wimbo ulioitwa "Rocket 88". Yasimuliwa kwamba amplifaya ya mcharaza gitaa ilikuwa imeharibika njiani, spika yake ikajazwa karatasi ili ifanye kazi, na sauti ikatoka yenye mkwaruzo. Waliokuwa studio waliiacha ilivyo. Mwaka 1958 Link Wray alitoa "Rumble", baada ya kuitoboa spika yake kwa makusudi. Mwaka 1964 kijana wa London aitwaye Dave Davies, wa bendi ya The Kinks, aliikata kwa wembe spika ya amplifaya yake ndogo, na mlio ule ukasikika katika "You Really Got Me".

Mjini Nashville nako, chombo kibovu cha studio kiliupotosha mlio wa gitaa la Grady Martin katika wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961. Fundi wa studio, Glenn Snoddy, hakuutupa ubovu ule. Aliuchunguza mpaka akaweza kuutengeneza upya kwa makusudi, na mwaka 1962 ukauzwa ndani ya kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kiitwacho Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones alikitumia katika "Satisfaction", na tangu hapo mkwaruzo ukawa bidhaa.

Itazameni orodha hiyo, ndugu zangu. Amplifaya iliyovunjika, spika iliyotobolewa, spika iliyokatwa kwa wembe, na chombo kibovu cha studio. Hakuna hata kimoja kilichotokana na utajiri.

DUKA LA NGOMA LA JIM MARSHALL

Magharibi mwa London, katika kitongoji cha Hanwell, palikuwa na mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma aitwaye Jim Marshall, ambaye mwaka 1960 alifungua duka la vyombo vya muziki. Vijana waliofika dukani walilalamika kwamba amplifaya za Kimarekani zilikuwa ghali mno. Marshall akashirikiana na mafundi wake, Ken Bran na Dudley Craven, wakaichukua amplifaya ya Fender Bassman kuwa mfano, wakaunda ya kwao kwa vipuri vilivyopatikana Uingereza. Kazi hiyo ilianza mwaka 1962, na matokeo yake yakaitwa JTM45.

Vipuri havikuwa vile vile, basi na sauti nayo haikuwa ile ile. Ilikuwa kali zaidi na iliwahi kukwaruza. Mwaka 1965 Pete Townshend wa The Who alitaka nguvu zaidi, na Marshall akatengeneza amplifaya ya wati 100, pamoja na makabati yenye spika nne za inchi 12 kila moja. Lile ukuta la makabati meusi ambalo vijana hubandika picha zake ukutani lilianzia hapo.

BIRMINGHAM NA VIDOLE VIWILI

Sasa tunafika kwa mtu ambaye bila yeye makala hii isingeandikwa. Tony Iommi alizaliwa mwaka 1948 katika mji wa viwanda wa Birmingham, Uingereza. Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 17, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Siku ambayo ilikuwa ya mwisho kwake kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Iommi hutumia mkono wa kushoto kucharaza. Kwa hiyo mkono ulioumia ndio uliokuwa wa kubonyeza nyuzi.

Wengi walimwambia kwamba habari ya gitaa imekwisha. Msimamizi wake wa kazi akamletea santuri ya Django Reinhardt, mcharazaji mashuhuri wa Ufaransa, ambaye mwaka 1928 aliungua katika moto uliolemaza vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, na bado akapiga gitaa kwa namna iliyowashangaza walimwengu. Iommi akaamka tena. Aliyeyusha plastiki ya chupa ya sabuni, akajifinyangia vifuniko vya vidole mfano wa subana ya mshonaji, akavibandika vipande vya ngozi ili visiteleze juu ya nyuzi. Nyuzi za kawaida zilikuwa nene na zilimuumiza, naye hakupata dukani seti ya nyuzi nyembamba. Basi akatumia nyuzi za banjo.

Kutokana na taabu hiyo ukazaliwa mtindo mpya. Iommi alipendelea kubonyeza sauti mbili tu kwa pamoja, ile ya msingi na ile ya tano kutoka hapo. Hapa pana siri ya kielimu. Ukipiga sauti nyingi kwa pamoja ndani ya mkwaruzo, zile sauti ndogo ndogo zinazozaliwa hugombana, na kinachotoka ni vurugu. Sauti ya msingi na ya tano yake hupatana, na mkwaruzo huzifanya zisikike kama sauti moja pana. Upungufu wa vidole na sheria za sauti zikakutana mahali pamoja.

Bendi yake, Black Sabbath, ilirekodi santuri yake ya kwanza kwa siku moja mwezi Oktoba 1969, na ikatoka tarehe 13 Februari 1970. Katika santuri ya tatu, "Master of Reality" ya mwaka 1971, Iommi alizilegeza nyuzi kwa nusu-toni tatu katika baadhi ya nyimbo. Uzi uliolegea ni rahisi kwa kidole kilichojeruhiwa, na mlio wake hushuka. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutikisika mara 82 kwa sekunde, yaani hezi 82. Ukilegezwa hivyo hufika hezi 69 hivi. Tofauti hiyo ndogo iliufungulia mlango muziki mzima.

Lakini lipo jambo jingine ambalo vijana hulikosa. Kati ya gitaa na amplifaya yake ya Laney, iliyotengenezwa mjini mwao Birmingham, Iommi aliweka kisanduku kidogo kiitwacho Dallas Rangemaster. Kazi ya kisanduku hicho ni kupandisha sauti za juu. Yaani yule anayeheshimiwa kuwa baba wa uzito hakuongeza sauti za chini kabla ya mkwaruzo. Aliongeza za juu! Fumbo hilo tutalifumbua sasa hivi.

UNGA HUCHEKECHWA KABLA YA KUSONGWA

Sauti ya chini hubeba wimbi kubwa. Ukiiingiza ikiwa na nguvu zake zote katika vali zinazokwaruza, hutawala kila kitu. Mlio huvimba, herufi za muziki hazitambulikani, na pigo moja huingia ndani ya pigo linalofuata. Ni uji, wala si ugali. Ukizipunguza sauti za chini kwanza, kisha ukakwaruza, halafu ukarudisha uzito baada ya mkwaruzo, utapata mlio mnene lakini mkavu, wenye kila pigo mahali pake. Mpishi huchekecha unga kabla ya kuutia katika maji ya moto. Akisubiri asonge kwanza, ameshachelewa.

Huko California fundi aitwaye Randall Smith, aliyeanza kwa kutengeneza amplifaya za watu zilizoharibika, aliziunda zake kwa jina la Mesa/Boogie. Alizipanga vali hatua kwa hatua, kila moja ikiisukuma ile inayofuata, hata mkwaruzo mkubwa ukapatikana pasipo kufungua sauti ya kuvunja madirisha. Katika zile za mfululizo wa Mark, vitufe vya kupunguza sauti za chini vilikuja kabla ya hatua kuu ya mkwaruzo, na vile vya kutelezesha, vya kurudisha sauti hizo, vilikuja baada yake.

Chombo hicho kikaangukia mikono ya James Hetfield wa bendi ya Metallica. Santuri yao "Master of Puppets" ilirekodiwa mjini Copenhagen mwaka 1985, fundi wake akiwa Flemming Rasmussen, ikatoka mwezi Machi 1986. Wengi huitaja amplifaya ya santuri ile, Mark IIC+, kana kwamba ni hirizi. Lakini sikilizeni mkono. Katika wimbo wenye jina hilo, Hetfield hucharaza kwa kushuka tu, bila kupanda, kwa mwendo unaozidi mapigo 200 kwa dakika. Ubavu wa kiganja chake hulalia nyuzi pale zinapofungwa, na kuzinyamazisha nusu, ndipo unasikia ule mlio wa "jug-jug" kama mashine ya kusaga. Akiusogeza mkono mbele kidogo, mlio unakufa. Akiurudisha nyuma, unavimba. Halafu alirudia kurekodi kitu kile kile tena na tena, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likilingana na jingine hata sikio lidhani ni gitaa moja kubwa. Amplifaya haiwezi kumfanyia mtu kazi hiyo.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1970, fundi wa Kijapani Susumu Tamura alikuwa amebuni pedali ya kijani iliyouzwa kwa jina la Ibanez Tube Screamer. Iliundwa ili impe mcharazaji mkwaruzo laini. Wapigaji wa metali wakaitumia kinyume: walikifunga karibu kabisa kitufe cha mkwaruzo, wakafungua cha sauti, wakaiweka mbele ya amplifaya ambayo tayari inakwaruza. Pedali hiyo hupunguza sauti za chini na kuinua za kati. Kazi yake ni ile ile ya kisanduku cha Iommi, ni ile ile ya chekecheo. Hata sasa, katika studio nyingi za metali duniani, pedali hiyo au nakala yake imo.

STOCKHOLM: VITUFE VYOTE HADI MWISHO

Isije ikafikiriwa kwamba ipo njia moja tu. Mwaka 1983 kampuni ya Boss ya Japani ilitoa pedali iitwayo HM-2. Haikupendwa sana, na mwaka 1991 uundaji wake ukasimamishwa. Lakini vijana wa Stockholm, Sweden, waliipata. Wakazungusha vitufe vyake vyote hadi mwisho, jambo ambalo fundi yeyote angewakataza. Mlio uliotoka ulikuwa kama msumeno wa kukatia magogo. Katika studio ya Sunlight, pamoja na fundi Tomas Skogsberg, bendi ya Entombed iliurekodi mlio huo katika "Left Hand Path" ya mwaka 1990, na mtindo wa nchi nzima ukasimama juu ya pedali iliyodharauliwa. Miaka 30 baadaye, mwaka 2021, Boss wenyewe waliirudisha sokoni kwa sababu watu hawakuacha kuitafuta.

NYUZI SABA, NYUZI NANE

Mwaka 1990 kampuni ya Ibanez ilitoa gitaa la nyuzi saba lililoundwa kwa ajili ya Steve Vai, mcharaza solo hodari. Waliolinyakua kwa ajili ya rithimu ni vijana wa bendi ya Korn, wa California, katika santuri yao ya kwanza ya mwaka 1994. Uzi wa saba hutikisika kwa hezi 62 hivi. Mwaka 1992 kampuni ya Peavey ilikuwa imetoa amplifaya ya 5150, iliyotengenezwa pamoja na Eddie Van Halen. Hiyo nayo ikawa chombo kikuu cha wapiga rithimu nzito, ingawa mwenyewe hakuwa mpigaji wa metali ya namna hiyo.

Kisha wakaja Meshuggah, kutoka mji wa Umeå huko Sweden, ambao katika toleo la mwaka 2006 la "Nothing" walitumia magitaa ya nyuzi nane. Uzi wa nane kwa kawaida hufungwa karibu na hezi 46, na uzi mnene wa gitaa la besi una hezi 41. Utaona kwamba gitaa limeshuka hadi kwenye kiti cha besi. Kwa Meshuggah gitaa likawa mfano wa ngoma: pigo kavu, kimya cha ghafla, pigo tena, kwa hesabu ngumu ambazo mtu aliyelelewa na ngoma za kwetu atazisikiliza kwa heshima. Ndipo ikaonekana wazi kwamba katika mlio wa kisasa, kimya kati ya mapigo kina kazi sawa na pigo lenyewe. Kwa hiyo hutumiwa kifaa cha kukata kelele, ambacho hufunga mlango mara tu mkono unapozima nyuzi.

UNAPATIKANAJE LEO?

Baada ya historia hiyo, maelekezo hayawi marefu. Nayatoa kwa mpangilio wa safari ya sauti, kuanzia kwenye uzi hadi kwenye sikio.

Nyuzi ziwe mpya, na ziwe nene kadiri unavyozilegeza. Uzi mwembamba uliolegezwa sana hupepea na haukai katika sauti yake. Tumia pikapu iliyo karibu na daraja la gitaa, ikiwezekana ile ya koili mbili aliyoibuni Seth Lover wa Gibson mwaka 1955 ili kuondoa mngurumo wa umeme. Pima sauti ya nyuzi kila mara kabla ya kupiga, kwa maana mkwaruzo hukuza kila kosa.

Halafu mkono. Chukua kipigo cha mwendo, anza polepole, charaza kwa kushuka tu, kiganja kikilalia nyuzi. Usiongeze mwendo mpaka kila pigo lilingane na lililotangulia. Fanya mazoezi haya bila mkwaruzo kwanza. Mkwaruzo huficha uvivu kwa mpigaji mwenyewe, lakini haumfichi msikilizaji.

Kisha punguza sauti za chini kabla ya mkwaruzo, kwa pedali au kwa kitufe. Geini iwe pungufu ya ile unayodhani unaihitaji. Hili ndilo gumu zaidi kwa vijana, kwa sababu ukiwa peke yako chumbani geini nyingi hutamanisha. Lakini ukirekodi magitaa mawili au manne pamoja, mikwaruzo hujumlishwa, na ukuta hugeuka tope. Debe tupu haliachi kuvuma.

Sauti za kati usizifute. Mpigaji aliye peke yake hupenda kuzipunguza, abakiwe na za chini na za juu tu, nao mlio humpendeza sana. Bendi ikianza, gitaa la besi huchukua za chini, matoazi huchukua za juu, na gitaa lake halisikiki tena. Nyumba ya gitaa ni sauti za kati. Uzito unaousikia katika santuri, sehemu yake kubwa hutoka kwa gitaa la besi linalotembea sambamba na rithimu.

Spika nayo ni chombo cha muziki kamili. Hukata sauti kali za juu kabisa, na bila hiyo mkwaruzo husikika kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Studio nyingi hutumia spika ya Celestion Vintage 30, na mbele yake maikrofoni ya Shure SM57, ambayo imekuwa ikiuzwa tangu mwaka 1965 na si ya gharama kubwa. Ukiisogeza kutoka katikati ya spika kuelekea pembeni kwa upana wa kidole, mlio hubadilika kuliko ukinunua pedali mpya. Mwisho, rekodi sehemu ile ile mara mbili kwa mkono wako, moja iende kushoto na nyingine kulia. Usinakili ile ya kwanza, kwani upana huzaliwa na zile tofauti ndogo za mkono.

Ama kuhusu fedha, hapa wakati wetu una neema ambayo Iommi hakuwa nayo. Mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ilitoa POD, kifaa kidogo kilichoiga amplifaya nyingi kwa hesabu za kompyuta. Fractal wakafuata na Axe-Fx mwaka 2006, na bendi nyingi zikaacha makabati nyumbani. Siku hizi zipo programu za bure, mojawapo ikiitwa Neural Amp Modeler, ambazo kijana mwenye kompyuta ya kawaida na kifaa kidogo cha kuunganishia gitaa aweza kuzitumia, pamoja na nakala za spika na maikrofoni zinazotolewa bure. Mlango ambao zamani ulifunguliwa kwa wati 100 sasa hufunguliwa kwa subira.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Nairobi ina wapigaji wa metali wa miaka mingi. Wawili kati yao, Martin Khanja na Sam Karugu, waliunda Duma, na mwaka 2020 santuri yao ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikasikilizwa na kuandikwa habari zake mbali na hapa kwetu. Walichanganya gitaa la metali na mashine za kompyuta kwa namna yao wenyewe, bila kungoja ruhusa ya mtu.

MASIKIO YENU

Nisipolisema hili nitakuwa nimewakosea wadogo zangu. Sikio halitengenezwi likiharibika. Wataalamu wa afya kazini huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na bendi ya metali ndani ya chumba hupita kiasi hicho kwa urahisi sana. Pete Townshend, yule yule aliyeomba wati 100, amezungumza hadharani kwa miaka mingi juu ya masikio yake yaliyoharibika. Nunueni vizibo vya masikio kabla ya kununua pedali. Mlio mzito, kama tulivyoona, haudai sauti kubwa. Wakati mwingine hupatikana vizuri zaidi sauti ikiwa ndogo, kwa kuwa hapo mpigaji husikia makosa yake.

NENO KWA PANDE ZOTE MBILI

Kwa wazee wenzangu: mtoto anayekaa saa mbili akirudia mapigo manne mpaka yalingane hafanyi fujo. Anajifunza usahihi na uvumilivu, mambo ambayo walimu wetu walitutia kwa njia nyingine. Kama hatuupendi muziki wake, na tusiupende. Lakini tumpe chumba, tumpe saa maalumu baada ya masomo, na tumnunulie nyuzi. Hilo ni dogo mno kuliko makabati ya spika tunayoyaogopa, na ndilo analolihitaji hasa.

Kwa wanafunzi: msingojee vifaa. Kijana wa Birmingham hakuwa na vidole vizima, akatengeneza vyake kwa chupa ya sabuni. Nyinyi mnavyo vyote kumi. Anzeni leo, polepole, kwa kushuka tu, kiganja kikiwa juu ya nyuzi.